Tiara ya Abunuwasi: Sayansi na Sanaa Ndani ya Maktaba ya Shule ya Msingi

Mtoto wa darasa la tano alifunga kitabu, akainua mkono. Alikuwa amemaliza ile hekaya ya Abunuwasi na maskini aliyekaa usiku kucha kwenye maji ya baridi ili apate alichoahidiwa na tajiri. Kulipokucha tajiri aligoma kutoa kitu, kwa hoja kwamba mbali kulikuwa na moto unawaka na maskini alikuwa akiuota. Abunuwasi akawaalika wakubwa kwenye karamu, masufuria akayaweka huku na moto akauwasha kule, wageni wakangoja chakula mpaka njaa ikawafundisha. Watoto wengine walikuwa bado wanacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Mwalimu, moto wa mbali haukumpasha kabisa, au ulimpasha kidogo?"

Nilimwambia anyamaze, wenzake wanasoma.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili kama mwalimu wa maktaba, na nilichokijua kuhusu maktaba ni ukimya tu. Lakini swali lile nilikwenda nalo nyumbani. Nilipokuwa napika jioni niliutazama moto wangu nikaona kwamba sina jibu la uhakika. Wiki iliyofuata nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya wenzake, kisha nikawatoa wote nje, chini ya mwembe, na jiko la mkaa na makopo manne ya maziwa. Tangu siku hiyo kipindi cha maktaba hakijawa kama zamani. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa funguo za kabati la vitabu bila maelekezo yoyote, na kwa mzazi aliye kwenye kamati ya shule anayejiuliza vitabu vile vina kazi gani.

Kwenye semina siku hizi tunasikia sana neno STEAM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hisabati kufundishwa kwa pamoja, mtoto akitumia mikono yake. Ni jambo jema. Kinachonisikitisha ni pale shughuli hizo zinapoletwa maktaba bila kugusa rafu. Wanakuja watu wema na vijiti, gundi na rangi. Watoto wanajenga, wanashangilia, wanapigwa picha, na jioni kabati linafungwa bila hata mtoto mmoja kuazima kitabu. Shughuli ya namna hiyo ingeweza kufanyika uwanjani. Ndiyo maana nimejiwekea sharti moja: shughuli ya maktaba ianzie kwenye kitabu na irudi kwenye kitabu. Mtoto asome kitu kinachomtia swali, alijaribu swali hilo kwa mikono, halafu aandike alichokiona katika kijitabu kitakachokaa rafuni na kusomwa na wengine. Hatua ya kwanza au ya mwisho ikikosekana, naahirisha mpaka nitakapoipata.

Nianze na moto, kwa kuwa ndiko tulikoanzia.

Tafuta makopo manne yanayofanana. Tia kila moja maji mililita 200, yote yatoke kwenye ndoo moja ili yaanze na joto moja. Kopo la kwanza likae juu ya jiko. La pili liwe chini, sentimita 30 kutoka ubavuni mwa jiko. La tatu liwe hatua tano mbali, kivulini. La nne lipeleke nyuma ya jengo, kivulini vilevile, mahali pasipouona moto. Kila baada ya dakika tano, kwa muda wa dakika 20, kikundi kimoja kinasoma joto na kingine kinaandika. Kipima joto cha hospitali hakitakusaidia, maana kinasoma kuanzia nyuzi 35 hadi 42 hivi tu. Azima cha maabara kutoka shule ya sekondari ya jirani, na ukirudishe siku hiyohiyo ili siku nyingine wakupe tena. Ukikosa kabisa, watoto watumbukize vidole kwenye makopo matatu ya mwisho na kulinganisha, ila la jikoni asiliguse mtu. Jiko liwe nje siku zote, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia, nayo huua ndani ya chumba kilichofungwa. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na wewe mwenyewe usibanduke hapo hata ukiitwa ofisini.

Kopo la nne ndilo watoto hulidharau, nalo ndilo linalobeba jaribio zima. Siku ile maji ya kopo la tatu yalipanda joto kidogo sana, na watoto wakapiga kelele kwamba tajiri alisema kweli. Nikawauliza, "Na lile la nyuma ya jengo?" Mmoja akaenda mbio, akarudi na habari kwamba nalo limepanda vilevile, kadiri ileile. Kumbe ilikuwa ni joto la mchana tu. Hapo ndipo walipoelewa kwa nini mwanasayansi huweka kando kitu kimoja asichokifanyia lolote. Ningeweza kulisema jambo hilo ubaoni mara kumi bila kuliingiza kichwani mwa mtoto hata mmoja.

Kopo la pili, la karibu na jiko, lilipanda nyuzi kadhaa ingawa halikugusa moto. Joto husafiri pia kwa mnururisho, kama lile la jua linalotufikia kutoka mbali, na kadiri unavyosogea mbali na moto ndivyo linavyopungua kwa kasi. Kwa hiyo swali la mtoto lilikuwa la haki kabisa. Baina ya "kidogo" na "kabisa" kuna kipimo, na watoto walibishana mpaka kengele ikalia: joto dogo kiasi kwamba kipima joto chetu hakilioni, je, tuliite kidogo au tuliite hakuna? Niliwaachia ubishi huo, na sikujuta.

Niliongeza jambo moja tu. Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana hata bahari yetu ya hapa Tanga, ambayo wageni husema ni ya uvuguvugu, ukikaa ndani yake muda mrefu unatoka unatetemeka. Yule maskini alikuwa akinyang'anywa joto lake usiku kucha. Baada ya kusikia hivyo watoto waliirudia hekaya, na safari hii walimwonea huruma kabla ya kumcheka tajiri.

Hekaya za Abunuwasi zimejaa mambo ya namna hii, na karibu kila mtoto anayesoma Kiswahili hukutana nazo. Ipo ile ya tajiri aliyemdai maskini malipo kwa kunusa harufu ya chakula chake, Abunuwasi akalipa kwa mlio wa fedha. Shughuli yake ni ya dakika kumi. Watoto wakae kwa safu wamefumba macho, madirisha yamefungwa, na mbele mtu akate kitunguu. Kila anayesikia harufu ainue mkono, na mmoja asimame pembeni na saa ya simu. Mikono hupanda safu kwa safu kama wimbi. Kisha gonga sarafu mbili, na mikono yote hupanda mara moja. Harufu ni chembe zinazotembea hewani polepole, sauti ni mtikisiko unaokwenda zaidi ya mita 300 kwa sekunde. Ninaipenda shughuli hii kwa sababu mtoto asiyeona vizuri hana upungufu wowote ndani yake, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuinua mkono.

Lakini iliyo kubwa kuliko zote ni ya tiara. Sultani alimtaka Abunuwasi ajenge nyumba hewani. Abunuwasi akatengeneza tiara, akaitundika kengele, akairusha mpaka ikapotea machoni, na watu waliposikia mlio akawaambia ni mafundi wako kazini, sasa wapelekewe mawe na chokaa. Mtoto akishasoma hapo, swali linakuja lenyewe: tiara yaweza kubeba kengele ngapi?

Kwa fremu tumia njukuti za mnazi, zile za ufagio wa chelewa, ukizifunga mbili mbili au tatu tatu ili zisipinde ovyo. Mti wa wima uwe sentimita 60, wa kulala 50, na zipishane sentimita 15 kutoka juu. Kabla ya kufunga, mtoto auweke mti wa kulala juu ya kidole na kuusogeza mpaka utulie bila kuegemea upande. Hapo ndipo katikati, na mara nyingi hapalingani na katikati ya rula, kwa sababu njukuti ni nene upande mmoja. Zungushia uzi kwenye ncha nne, gundisha gazeti kwa uji mzito wa unga wa ngano, acha ikauke kivulini. Eneo la umbo hilo hupatikana kwa kuzidisha urefu wa miti miwili na kugawa kwa mbili: 60 mara 50, gawa kwa mbili, ni sentimita za mraba 1,500. Waulize kama karatasi moja ya gazeti iliyokunjuliwa inatosha kabla hawajashika mkasi. Mwanafunzi aliyekuwa akiogopa somo la maeneo darasani ndiye aliyekuja kunionyesha kwamba gazeti letu linatosha likilazwa kwa mshazari.

Mkia ndio jaribio. Irushwe kwanza bila mkia, itazunguka na kuanguka. Kisha mkia wa mita moja na nusu wa vitambaa, kisha wa mita tatu. Waandike kila mara imekaa hewani muda gani. Zamani watoto walitumia mifuko ya plastiki kwa kazi hizi, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na mabaki ya kanga kuukuu ni bora zaidi kwa kuwa yana uzito. Tiara ikishatulia, anza kutundika kengele. Kengele zetu ni visoda vilivyotobolewa kwa msumari na kufungwa viwili viwili ili vigongane. Ongeza jozi moja, rusha. Ongeza nyingine, rusha. Mwisho itagoma. Mtoto anayeandika "jozi nne ilipaa, jozi tano haikupaa" amefanya kazi ya mhandisi, kwa sababu amejua mpaka wa chombo chake.

Chagua uwanja ulio mbali na nyaya za umeme na barabara, na tiara ikinasa kwenye waya iachwe huko huko. Kwetu pwani upepo wa kusi, unaovuma tangu karibu na Aprili, ni wa nguvu na huchana gazeti. Kaskazi ya kuanzia Desemba ni ya upole zaidi. Mabaharia wa majahazi walipanga safari zao kwa pepo hizo karne nyingi, na kama maktaba yako ina kitabu chochote cha historia ya pwani, siku ya tiara ndiyo siku ya kukitoa. Jambo lingine lililotokea bila kupangwa: nusu ya watoto waliita kile chombo tiara, nusu nyingine kishada, na kila upande ukaapa kwamba nyumbani kwao ndiko kunakosemwa sawasawa. Tukafungua kamusi. Maneno yote mawili yalikuwemo. Sijapata kuona watoto wakigombania kamusi kama siku ile.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu sanaa. Katika shughuli nyingi sanaa hubaki kupaka rangi mwishoni, ili kitu kipendeze kwa wageni. Huko ni kuidhulumu. Chukua kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, na mchoro wake umejengwa kwa ulinganifu: ukiikunja katikati, pembe hukutana na pembe yake. Mpe mtoto karatasi ya manila, akunje mara mbili, achore robo moja tu, halafu ahamishie mchoro kwenye robo tatu zilizobaki kwa kupima. Atatumia rula kwa umakini ambao hajawahi kuutumia kwenye somo la hisabati, kwa sababu kosa la sentimita moja linaonekana kwa jicho. Jina la kanga alitunge mwenyewe kutokana na kitabu alichosoma mwezi huo, liingie kwenye nafasi iliyopo bila kubanana. Kazi hii huchukua vipindi vitatu na sioni sababu ya kuifupisha. Ukili wa mkeka nao una hesabu yake, na bibi yeyote wa mtaani anayesuka anaweza kualikwa kuja kuwaonyesha watoto namna anavyohesabu miyaa bila kuandika popote. Apewe kiti cha mbele, na watoto wamwamkie kama mwalimu.

Rangi yenyewe inaweza kuwa kemia. Koroga manjano ya jikoni kwenye maji ya moto, chovya karatasi nyeupe, anika. Mtoto aandike juu yake kwa kijiti kilichochovywa maji ya magadi, na maandishi yatatokea mekundu ya kahawia. Akipitisha ndimu juu yake, yanarudi kuwa ya njano. Maji ya sabuni na ya majivu nayo hufanya kazi kama magadi. Watoto wa darasa la nne waliandikiana barua za siri wiki nzima, na mimi nikatumia nafasi hiyo kuwapa hadithi za upelelezi.

Ukiwa na ramani ya dunia au atlasi, usiiache ining'inie tu ukutani. Sisi wa nchi zilizo karibu na ikweta tuna bahati ambayo watoto wa Ulaya hawana: mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu na kivuli cha nguzo iliyosimama wima kinapotea. Watoto watafute kwenye atlasi mji wao uko nyuzi ngapi kutoka ikweta. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini, na kwetu siku hizo huangukia karibu na Machi 7 na Oktoba 6. Dar es Salaam na Morogoro, zilizo karibu nyuzi 7, hupata siku chache kabla yetu mwezi Machi na siku chache baada yetu mwezi Oktoba. Nairobi, iliyo karibu sana na ikweta, hupata katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Simamisha mti ulionyooka uwanjani, uupime kwa kamba yenye jiwe ili uwe wima kweli, na watoto waweke alama ya ncha ya kivuli kila dakika tano kuanzia saa tano na nusu. Kwa sababu ya mawingu, panga siku tatu au nne mfululizo.

Watagundua jambo litakalowashangaza. Kivuli hakipotei saa sita kamili. Hapa Tanga mwezi Oktoba hupotea kama saa sita na dakika 12, na mwezi Machi huchelewa mpaka baada ya saa sita na nusu. Sababu ni kwamba saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45, ulio mashariki yetu baharini, na pia mwendo wa dunia kulizunguka jua haulingani mwaka mzima. Mtoto wa darasa la sita aliniuliza kwa nini basi wazungu wanaiita saa sita yetu saa kumi na mbili. Tulizungumza kuhusu wazee wetu waliohesabu saa tangu jua linapochomoza, na kwa mara ya kwanza niliwaona watoto wakiona fahari juu ya namna tunavyotaja saa.

Sasa niseme kuhusu kushindwa, kwa sababu mwalimu mgeni huogopa jaribio likikwama mbele ya watoto 80. Betri ya ndimu ilinikwamia. Kitabu cha sayansi kilikuwa na sura ya umeme, nikataka kuwasha taa kwa ndimu moja, haikuwaka. Nikabadilisha ndimu, haikuwaka. Niliwaambia watoto kweli kwamba sijui, tukarudi vitabuni pamoja. Ndimu moja yenye kipande cha waya wa shaba na msumari wa bati hutoa takriban volti 0.9, na kitaa chekundu cha LED kinahitaji karibu volti 2. Ziunganishe ndimu tatu au nne kwa mfululizo, shaba ya hii kwa msumari wa ile, na mguu mrefu wa kitaa uelekee upande wa shaba. Msumari uwe wa kuezekea mabati, kwa kuwa umepakwa zinki. Ule wa mbao hauna zinki. Taa za tochi za zamani, zenye waya ndani ya kioo, hazitawaka hata kwa ndimu kumi, maana mkondo ni mdogo mno. Ndimu zilizotumika zitupwe, zisikamuliwe kwenye chakula. Kitaa kilipowaka hatimaye, kwa mwanga hafifu uliotulazimu kufunga madirisha, shangwe iliwatoa walimu wengine ofisini.

Siku kama hizo huwa nawasimulia watoto habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba kule Lushoto, mlimani tu kutoka kwetu, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa ikiisha, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala katika jarida la fizikia, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo chini ya jina lake. Kila ninapofika mahali pale alipochekwa, darasa hunyamaza. Nami namkumbuka yule mtoto niliyemnyamazisha.

Kutokana na hilo tuna daftari kubwa limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na kalamu yake. Ni Daftari la Maswali. Mtoto yeyote huandika swali wakati wowote, bila ruhusa. Kila Ijumaa tunachagua moja na kulitafutia kitabu. Kwa nini mabati yana mikunjo? Tulichukua karatasi moja, tukailaza baina ya vitabu viwili, ikazama kwa uzito wa sarafu moja. Tukaikunja kama bati, ikabeba mkebe wa bikari na vilivyomo.

Kwa darasa kubwa, usijaribu kufanya na wote kwa mara moja. Ninawagawa nusu: nusu wanasoma kimya, nusu wako kwenye kazi kwa vikundi vya watu sita, na wiki inayofuata wanapokezana. Katika kikundi kila mmoja ana kazi yake: msomaji, mpimaji, mwandishi, mchoraji, mtunza vifaa, na msemaji. Kazi hizo zizunguke, na hili nalisisitiza kwa moyo wote. Ukiwaachia wajipange wenyewe, wasichana watapewa kuandika kwa sababu wana hati nzuri, na wavulana watashika koleo na nyaya kutoka Januari hadi Desemba. Nimeliona kwa macho yangu na nililiacha liendelee muhula mzima kabla sijashtuka.

Kuhusu vitabu vyenyewe, najua shule nyingi zina vichache. Nimefundisha mahali ambapo maboksi ya vitabu vya hadithi yalifungiwa ofisini miaka mitatu kwa hofu kwamba watoto watavichana. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Kilicholiwa na mchwa kikiwa kipya ni hasara tupu. Waombe wakubwa wako wakuruhusu kwa maandishi kufuta kwenye rejista vitabu vilivyochakaa, hofu hiyo itapungua. Maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba ni mahali pa kwanza pa kubisha hodi. Mwenye simu na mashine ya kuchapisha karibu anaweza kupata hadithi fupi za Kiswahili za bure kwenye African Storybook, zenye leseni inayoruhusu kunakili. Na vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa mwaka 2014, vina hesabu zinazoweza kufuatiwa na kazi ya mikono.

Panga rafu zako kwa namba za Dewey hata kama una vitabu 60 tu. Sayansi huanzia 500, teknolojia 600, sanaa 700, na hadithi za kimapokeo zinakaa 398.2. Mtoto anayetafuta 398.2 baina ya 398 na 399 anafanya zoezi la desimali kwa miguu yake.

Imebaki hatua ya mwisho, ya kurudi kitabuni. Kunja karatasi nne katikati, zishone kwa sindano na uzi kwenye mkunjo, jalada likatwe kwenye boksi la kadibodi. Ndani ziwemo sehemu nne: swali letu, tulichofanya, tulichoona, na tusichokijua bado. Sehemu ya nne isiachwe tupu. Jaladani yawekwe majina ya waandishi na mchoraji, pamoja na mwaka. Kisha kiingizwe kwenye rejista ya maktaba kwa namba yake, kwa wino uleule, kwenye ukurasa uleule na vitabu vya dukani. Waite waandishi wenyewe wasimame wakiangalia unapoandika.

Kijitabu cha kwanza kabisa kiliitwa Moto wa Abunuwasi. Muhula uliopita kiliazimwa na msichana wa darasa la tatu, akakaa nacho siku tisa badala ya saba. Kiliporudi kilikuwa na doa la mafuta jaladani na karatasi moja ya ziada iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Alikuwa amelirudia jaribio nyumbani kwenye jiko la bibi yake, makopo mawili yanayolingana umbali kutoka motoni, moja limepakwa masizi na lingine linang'aa. La masizi, ameandika, lilipata moto zaidi. Chini yake kuna mstari mmoja: "Bado hatujui kwa nini." Swali hilo nimelipeleka kwenye Daftari la Maswali kwa ajili ya Ijumaa.